Arosto ya unga: kipi cha jikoni kinafaa, kipi cha kuacha, na lini uende kliniki

Yalipotimia masaa 12 tangu kete ya mwisho ya heroini, ambayo mtaani huitwa unga, mdogo wangu alikuwa amejifunika mablanketi mawili katikati ya joto la Tanga. Pua inachuruzika, miayo haikatiki, vinyweleo vimemsimama hadi mkono ukawa kama wa kuku aliyenyonyolewa. Mama alikuwa ameshachemsha tangawizi na kuijaza kwenye chupa ya chai. Shangazi alikuja na habat soda. Jirani akaleta dawa ya mtu anayemwamini, nyeusi, imetiwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Kila mmoja ana chake, kila mmoja anampenda, na mgonjwa mwenyewe analia kuwa mifupa inamchomoka.

Tangu usiku ule nimekaa na familia nyingi zenye mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba. Mtaani wanawaita mateja, mimi nasema wagonjwa. Swali ni lilelile kila mahali: tumpe nini? Mimi si daktari. Nimeziweka hapa dawa zinazotajwa sana, moja kando ya nyingine, ili mwenye mgonjwa chumbani ajue ya kuchukua na ya kuacha. Msimamo wangu nautanguliza. Mitishamba hutuliza arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga, kipande kipande: tumbo, au usingizi, au maungo. Hakuna inayoiondoa arosto yenyewe, na ile inayoahidi kuiondoa yote kwa mkupuo ndiyo ya kuogopa zaidi.

Kabla ya kuchemsha chochote, uliza ametumia nini

Arosto ya heroini huanza kati ya masaa 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho, hupamba moto siku ya 2 na ya 3, kisha hulegea kufikia siku ya 5 hadi ya 7. Ni mateso makali, lakini kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine ni nadra arosto yenyewe kumuua. Hatari kubwa ni kuishiwa maji mwilini kwa kutapika na kuhara huku hakuna anayeyarudisha.

Pombe na vidonge vya kutuliza na kulaza, kama valiamu au bugizi, ni habari nyingine kabisa. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, au aliyemeza vidonge hivyo kila siku, akikatizwa ghafla anaweza kushikwa na degedege, akaweweseka, akaona vitu visivyokuwepo, na akafa. Hapo hakuna chai. Huyo hupelekwa hospitali akapunguziwe taratibu. Na kwa kuwa wengi huchanganya unga na vidonge, lazima umuulize, tena kwa upole. Mara nyingi ukweli anaouficha mbele ya baba huusema kwa dada yake saa 8 za usiku.

Mjamzito naye asiachishwe unga ghafla nyumbani. Arosto inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya siku zake. Kwake methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, ndiyo njia salama, si mitishamba. Yaliyobaki humu yanamhusu mtu mzima anayeacha unga.

Tumbo: tangawizi au nanaa, sanamaki au maji ya chumvi na sukari

Tangawizi ni ya kichefuchefu. Hiyo ndiyo kazi yake iliyochunguzwa zaidi, hasa kwa wajawazito wanaotapika asubuhi, na imeonekana inasaidia. Chukua kipande kama kidole gumba, kiponde, kichemshe dakika 10, kisha mpe kwa kumwonjesha, funda mbili tatu kila baada ya muda mfupi. Ukimpa kikombe kizima anatapika kizima. Nanaa ni ya msokoto: mafuta yake hulegeza misuli ya utumbo, ndiyo maana watu wenye tumbo la kusokota hupata nafuu. Kasoro yake ni kwamba humwongezea kiungulia mtu mwenye kiungulia. Kwetu siku ya kwanza tulitumia tangawizi, na siku ya pili tumbo lilipoanza kukata tukahamia nanaa. Ukiambiwa uchague moja tu, chagua tangawizi, kwa sababu kutapika kukitulia kila kingine kinaweza kuingia.

Lakini hata tangawizi haifui dafu mbele ya maji ya chumvi na sukari. Maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 visivyorundikwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Pakiti za duka la dawa ni bora zaidi kama zipo. Madafu mazuri pia, yana potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo pekee yake hayatoshi kwa mtu anayehara. Uji mwepesi wa mchele uende pamoja nayo. Nimeona familia inanunua mizizi kwa pesa nyingi, na mgonjwa midomo imepasuka kwa kiu. Ukimfinya ngozi ya tumbo ikachelewa kurudi, au hajakojoa tangu asubuhi, au anatapika kila anachomeza, hiyo ni safari ya hospitali, akatundikiwe dripu.

Sasa ile chupa nyeusi ya jirani. Aliyeitengeneza alisema ni ya kusafisha damu na kutoa sumu ya unga. Tulimpa nusu kikombe. Ndani ya masaa machache alikuwa haondoki chooni, na alipoondoka tulimbeba. Baadaye jirani alituambia kilichomo: sanamaki na shubiri, zimechemshwa hadi zikawa nzito. Zote mbili ni dawa za kuharisha. Tulimpa mtu ambaye tayari anahara, tukaongezea juu yake.

Nataka hapa nieleweke vizuri, kwa sababu neno hili la kusafisha damu limeumiza watu wengi. Heroini haikai kwenye damu siku nyingi, huondoka yenyewe upesi. Kuondoka kwake ndiko kunakoleta arosto. Ubongo ulishazoea kubanwa na unga, ukajipanga kwa kusukuma kwa nguvu upande wa pili, na mbano ulipotoka ghafla kile kisukumo kikabaki peke yake: moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linafunguka, usingizi unakimbia. Damu inapokuwa safi ndipo mtu anapoumwa. Kwa hiyo dawa yoyote inayojinadi kwa kusafisha, iwe sanamaki, shubiri, au muarobaini uliochemshwa mkali, inatibu kitu ambacho hakipo.

Usingizi: mchaichai, kamomili, kungumanga, pasheni

Huu ndio uwanja mgumu. Tumbo linatulia kwa wiki, usingizi unaweza kusumbua miezi. Na ni usingizi unaowarudisha wengi kijiweni.

Mchaichai unapendwa kila nyumba ya pwani na una sifa ya kulaza. Watafiti wa Brazil, ambako nao huutumia kwa kazi hiyohiyo, waliwapa watu chai yake katika miaka ya 1980 na hawakuona ikileta usingizi wala kupunguza wasiwasi, ila haikuwa na madhara pia. Kwangu mimi hilo linatosha kuuacha mezani: ni kitu cha moto, kitamu, kinampa maji, na kinamfanya akae na watu. Kamomili ina nguvu kidogo zaidi ya kutuliza, ingawa ni kidogo kweli, na bei yake dukani ni mara kadhaa ya mchaichai unaokatwa uani. Kama pesa ni ya mawazo, kata mchaichai, hiyo nyingine nunulia mayai.

Kungumanga ni kinyume chake. Kwa kuwa iko jikoni na inatiwa kwenye maandazi na kahawa, watu hudhani haina neno. Kukwangua kidogo juu ya maziwa hakuna shida. Lakini nimekuta mama anamtilia mwanawe vijiko viwili vizima vya unga wa kungumanga ili alale. Kiasi hicho ni sumu: moyo huenda mbio, mdomo hukauka, mtu hutapika na kuona mazigazi, na hali hiyo inaweza kuendelea hata siku nzima na zaidi. Kwa mtu aliye kwenye arosto, ambaye moyo wake tayari unadunda, ni kumchochea moto.

Pasheni ina habari yake. Mwaka 2001 madaktari wa Irani walichapisha jaribio la watu 65 waliokuwa wanaacha afyuni na jamaa zake, kwa siku 14. Wote walipewa klonidini, dawa ya hospitali inayoshusha presha na kutuliza mshtuko wa arosto, na nusu yao wakaongezewa matone ya mmea wa pasheni. Kwenye maumivu ya mwili makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kwenye wasiwasi, kutotulia na kukosa usingizi, waliopata pasheni walikuwa afadhali. Hili ndilo jaribio la mtishamba wa arosto ninaloliheshimu kuliko mengine, na ndiyo maana nalisimulia na mipaka yake: pasheni ilisaidiana na klonidini, haikupimwa peke yake, na mmea wenyewe ni Passiflora incarnata, ndugu wa huu wetu wa juisi, si huohuo. Juisi yetu ya pasheni mpe kwa sababu ni juisi nzuri. Majani yake usiyachemshe ukitegemea matokeo ya Irani.

Kuna pia dawa mbili ambazo kijiwe chenyewe hupendekeza: bangi na valiamu. Ya kwanza huwapa wengine nafuu ya muda na huwaongezea wengine hofu na mapigo ya moyo, na inamweka mtu mikononi mwa muuzaji yuleyule. Ya pili ni mbaya zaidi. Akimeza valiamu, kisha katikati ya usiku akateleza akapiga unga, viwili hivyo vikikutana huzima pumzi. Kama daktari ndiye aliyeiandika, vidonge vikae mkononi mwa mtu mwingine nyumbani na vihesabiwe.

Maungo: maji moto yanashinda nyungu

Maumivu ya mifupa na miguu kurusharusha ndiyo malalamiko ya usiku. Dawa zilizozoeleka ni mbili, kukanda na kupiga nyungu. Kukanda kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa matone machache ya mafuta ya karafuu kulimsaidia mdogo wangu kuliko kitu kingine chochote tulichofanya kwa mikono. Karafuu hutia ganzi kidogo, mkono wa mtu hufanya yaliyobaki. Matone machache tu, ikizidi huunguza ngozi. Kuoga maji ya moto hata mara nne kwa siku ni bora tena, na ni bure.

Nyungu siipendekezi siku tatu za mwanzo. Anayetoka jasho, kuhara na kutapika ukimfunika blanketi juu ya mvuke unamtoa maji yaliyobaki, na nimeshuhudia mtu akizimia juu ya sufuria. Baada ya wiki, akitaka, sawa.

Habat soda ya shangazi

Kwa Waislamu wa pwani hii si dawa tu. Ipo hadithi ya Mtume kwamba ndani yake mna ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti, na shangazi alikuja nayo kwa imani hiyo. Sikubishana naye, wala sikuona sababu. Kijiko kidogo cha habat soda na asali ni chakula kizuri kwa mtu ambaye hajala siku mbili. Upande wa utafiti, mwaka 2008 ulichapishwa mmoja wa Pakistan, wa waraibu 35 wa afyuni na jamaa zake, waliopewa habat soda na wakaripotiwa kupata nafuu. Watu 35 ni wachache mno kujengea tiba ya mtu. Ukiilinganisha na pasheni ya Irani, habat soda ina ushahidi dhaifu zaidi lakini ipo jikoni, haina gharama, na inaliwa na moyo mkunjufu. Tahadhari ni moja: inashusha presha kidogo na sukari kidogo. Mgonjwa aliyepewa klonidini, au mwenye kisukari anayetumia dawa, apewe kwa kiasi cha chakula, si vijiko vitatu kwa siku.

Mlonge ni mboga yenye lishe. Upike, usiuite dawa ya arosto.

Zinazoahidi kumaliza kila kitu

Mtandaoni utakutana na iboga. Ni mzizi wa misitu ya Gabon na jirani zake, unaotumiwa katika ibada ya Bwiti. Mwaka 1962 kijana wa Kimarekani, Howard Lotsof, aliyekuwa mraibu wa heroini, alijaribu kemikali yake, ibogaini, akaona hamu na arosto vimekatika, na tangu hapo watu husafiri nchi za mbali kuitafuta. Simkatalii yeyote aliyepona. Lakini ibogaini huvuruga mpigo wa umeme wa moyo, na watu wamekufa kwa moyo kusimama baada ya kuinywa, wengine wakiwa vijana. Bila kipimo cha moyo na chumba cha wagonjwa mahututi karibu, iboga ya kuagiza kwa simu ni kamari ya roho.

Kratomu, jani la Asia ya Kusini Mashariki, hutuliza arosto kweli. Inatuliza kwa sababu inashika milango ileile ya ubongo inayoshikwa na heroini, na yenyewe ina uraibu na arosto yake. Thailand waliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1943 na kuiruhusu tena mwaka 2021. Kuihamia kratomu ni kubadilisha bwana.

Hukohuko Thailand, mkoa wa Saraburi, kuna hekalu la Wat Thamkrabok ambalo limekuwa likipokea waraibu tangu mwaka 1959. Kila siku kwa siku kadhaa za mwanzo hunyweshwa dawa chungu ya mitishamba na kutapika kwenye mfereji, wenzao wakiwaimbia na kuwapigia ngoma nyuma. Wengi huja kuuliza kuhusu ile dawa. Nikiitazama naona kwamba kutapika si tiba ya arosto hata kidogo. Kabla ya kunywa, kila mmoja hula kiapo cha kutorudi maisha yake yote, mbele ya watawa, na kiapo hicho hakitolewi mara ya pili. Anapotapika hayuko peke yake. Hilo ndilo ninaloliamini kwao, na ni kitu unachoweza kumpa mtu hata Tanga bila kumtapisha.

Methadoni ikiwekwa kando ya zote

Tanzania Bara ilianza kliniki ya methadoni Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, na nyingine zikafuata mikoani. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi mapema 2015. Methadoni nayo inashika milango ileile ya heroini, na wazee hunikabili hapo: si ndiyo kubadilisha bwana ulikosema? Hapana. Kratomu unapima mwenyewe gizani. Methadoni hupimwa na muuguzi, hunywewa mbele yake mara moja kwa siku, hukaa mwilini mchana na usiku, haimpeleki mtu juu na kumtupa chini, na inamtoa kwenye sindano inayoambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Tanzania hutolewa bure. Ubaya wake ni foleni ya kila siku, nauli, na kwamba ni safari ya miaka.

Nyumba za upataji nafuu, zilizoenea Zanzibar na pwani yote, ni njia nyingine. Huko mara nyingi mtu hupitia arosto bila dawa au kwa dawa chache, akiwa na waliopona kabla yake, na familia hulipa kwa mwezi. Kwa mtu anayejidunga kwa miaka na ameshajaribu kuacha mara tatu, ningechagua methadoni bila kusita. Kwa kijana aliyeanza kuvuta mwaka jana, mwenye wazazi wa kumlipia na nia yake mwenyewe, nyumba inaweza kutosha. Kukaa naye nyumbani na chupa ya chai ni kwa yule ambaye kliniki iko mbali, na ni kwa wiki moja tu, njia ya kumfikisha sehemu mojawapo ya hizo. Kwa kujua kliniki ya karibu, Kenya piga 1192, Tanzania 119, zote bila malipo.

Sababu ya kusema wiki moja tu ni hii. Akimaliza siku 7 mwili umeshasahau kuvumilia unga. Kete aliyokuwa akiimudu mwezi uliopita sasa inaweza kumzima pumzi. Familia inafurahi amekula, amecheka, amekwenda msikitini, inampa pesa ya vocha, na jioni anakutwa chooni. Hizo wiki mbili za mwanzo ndizo za kutomwacha peke yake. Akikutwa amelala hashtuki, midomo ya buluu, pumzi za kuhesabika, mlaze ubavu, usimwagie maji wala kumpa maziwa, mpumulishe mdomo kwa mdomo kama pumzi zimekatika, mkimbizeni hospitali mseme wazi ni unga, kwa sababu naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na unga, huenda wasiichome upesi wasipoambiwa.

Jambo moja kwa walio tayari kwenye methadoni: mtu akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, methadoni hushuka mwilini na arosto hurudi, akaonekana amerudia unga. Msimtuhumu, wala msimfichie kwa tangawizi. Mwende mwambie muuguzi, dozi huongezwa.

Mdogo wangu yuko kwenye methadoni sasa. Anatoka saa 11 alfajiri kuwahi foleni, na tatizo lake si kuhara tena, ni kufunga choo, jambo ambalo methadoni huwaletea wengi. Mama humkatia papai kila asubuhi na anamsimamia anywe maji. Papai liliposhindwa, muuguzi alimwandikia sanamaki, vidonge viwili usiku.

Mama alikwenda kuinunua mwenyewe.